Gavana wa Benki Kuu kupewa Wizara ya Fedha, tunamtumia au tunamchoma tu? (kisa cha Mtei na Ndung'u)

Wakuu habari za saa hizi. Kila baraza likipanguliwa lazima utasikia mtu anasema Fedha apewe mtaalamu wa Benki Kuu, sio mwanasiasa, uchumi utakaa sawa. Mi sikubaliani, na mifano ninayo ya hapa hapa na ya jirani.

Edwin Mtei ndo gavana wa kwanza wa BoT (Benki Kuu ya Tanzania), 1966, shilingi yetu imezaliwa yeye akiwa kwenye kile kiti, kabla ya hapo tulikuwa tunatumia hela moja na Kenya na Uganda. 1974 akapelekwa Arusha kuwa katibu mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ikamfia mikononi 1977 (gundu?), ndo Mwalimu akampa Fedha. Sasa cheki alichokikuta: bei ya kahawa ilipaa 1977 ikaanza kuporomoka, mafuta yakapanda 1979, vita ya Kagera ikakomba dola zote, wananchi tukaambiwa tufunge mikanda miezi 18. Mtei akafanya ambacho gavana yeyote angefanya, akakaa mezani na IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa), na sharti mojawapo ni shilingi ishushwe thamani, wakati huo dola ilikuwa kama shilingi 8 tu. Mwalimu akagoma kabisa. Mtei akajiuzulu mwishoni mwa 1979, Amir Jamal, aliyewahi kuwa waziri wa Fedha, akarudishwa, na Januari 1980 Mwalimu akawauliza mabalozi tangu lini IMF imekuwa wizara ya fedha ya dunia.

Najua kuna watu watasema Mwalimu alikuwa sahihi, mbona masharti yalivyokuja kukubaliwa tukaanza kuchangia shule na hospitali. Sawa, hoja hiyo naiheshimu. Lakini tulikubali 1986 chini ya Mwinyi, na mwaka ule unaisha dola imeshapita shilingi 50, yaani dawa ileile kwa dozi kubwa zaidi, baada ya miaka ya foleni za sukari na sabuni na msako wa wahujumu uchumi 1983. Na hili la kumuita Mtei kibaraka kisa alikuja kukaa kwenye bodi ya IMF Washington mi naona ni uvivu wa kufikiri, kule alikuwa anawakilisha nchi za Afrika na alienda miaka kadhaa baada ya kuachia wizara.

Point yangu ni hii, gavana analipwa kusema hapana. Waziri akisema hapana anapisha mwingine, maana kwenye baraza mwenye neno la mwisho ni rais na namba zako ni ushauri tu. Kwa hiyo mtaalamu anabaki na mawili, aondoke kama Mtei, au abaki awe ngao ya rais.

Ngao mnaijua. Njuguna Ndung'u wa Kenya, gavana 2007 hadi 2015, M-Pesa imeanza yeye akiwa pale, na 2011 shilingi yao ilivyoyumba mpaka karibu 107 kwa dola akapandisha riba ya Benki Kuu hadi 18%, watu wakalia lakini ikatulia. Ruto akampa Hazina (wizara ya fedha ya Kenya) 2022. Muswada wa fedha wa 2023 ukapandisha VAT ya mafuta kutoka 8% hadi 16%, wa 2024 vijana wakaingia bungeni Juni 25, rais akakataa kuusaini, Julai baraza karibu lote likafukuzwa na yeye akaenda na maji. Hivi kuna mtu siku ile alikumbuka riba ya 2011? Na Hazina wakampa Mbadi, mwanasiasa kutoka upinzani!

Mnaosema Mtei angevumilia tu ndani kwa ndani, hebu nitajieni kitu kimoja ambacho angekibadilisha kabla ya 1986. Na kama kuna mzee humu alikuwa NBC (benki ya biashara ya serikali) au Hazina miaka ile aje atuambie, kwa ile shilingi 8 dola uliipata dirisha gani?