Katana ya kukatia kwa elfu thelathini: ninunue ipi?

Kijana wa Langoni
Assalaam aleikum wakubwa. Nipo Lamu, mtaa wa Langoni. Iaido, sanaa ya upanga ya Kijapani, nafundishwa na mwalimu aliyeko Mombasa, na mpaka sasa nashika upanga wa mbao na iaito, upanga wa mazoezi usio na makali. Ameniruhusu nianze tameshigiri, kukata kwenyewe, nikipata upanga wangu. Nimeweka shilingi 30,000. Mtandaoni kuna za 12,000 zinazong'aa unajiona uso, na za 25,000 zilizoandikwa 1060, T10, "chuma kilichokunjwa". Nataka itakayokata na isiyonitoka mkononi. Tena nikate nini? Tatami, mikeka ya Kijapani, huku sizioni.

Bint Mhunzi, Malindi
Waaleikum salaam kaka. Hizo za 12,000 waachie wenye kupamba kuta. Nyingi ni za chuma kisichoshika kutu, ambacho kwa upanga mrefu huvunjika ghafla, na msuka wake, ule mkia unaoingia mpinini, ni kifimbo chembamba kilichochomelewa. Ukipiga kwa nguvu, wewe utabaki na mpini, upanga utawaendea walio mbele yako.

Baba yangu hufua mapanga na mashoka kwa springi za lori, nami nimekulia kwenye mivukuto, kwa hiyo nianze na chuma. Katika 1060, 10 ni chuma cha kaboni tupu na 60 ni kaboni asilimia 0.60. 1045 ni laini zaidi, huisha makali mapema. 1095 hushika makali sana, lakini pembe ya pigo ikipotoka kidogo ukingo humeguka. 5160 ina kaboni kama ya 1060 na kromi kidogo. Ndicho chuma cha springi za magari, ndicho baba anachokifua kila siku. Wewe chukua 1060 au 5160 iliyokazwa kwa moto sawasawa mwili mzima. Pigo la mwanafunzi likienda upande, upanga huo hupinda ukarudi.

T10, chuma kingine cha kaboni nyingi, iliyopakwa udongo kabla ya kuzimwa majini ni kitu kizuri kweli, ukingo mgumu na mgongo laini, na lile wimbi la hamon linaloonekana kando ya ukingo ni la haki. Ila ukikata vibaya unapinda na unabaki umepinda. Kwenye panga za bei ya chini wimbi hilo mara nyingi limechorwa kwa tindikali tu. Kukunja nako usikulipie. Wajapani wa kale walikunja kwa sababu tamahagane, chuma chao cha mchanga, ilitoka tanuruni haiko sawa. Chuma cha kiwandani cha leo kimeshakuwa sawa.

Pesa yako iangalie mpini. Muombe muuzaji picha ya msuka ukiwa nje: uwe mpana, kipande kimoja na upanga, uingie angalau theluthi mbili za mpini. Mekugi, kile kijiti kinachoufunga, kiwe cha mwanzi. Ukifika, utikise karibu na sikio. Ukisikia mchezo wowote, usikate.

Mzee wa Shela
Mwanangu, bint kamaliza ya chuma. Mimi nakata hapa kwetu miaka mingi, na adui mkubwa ni hewa ya chumvi. Ukimaliza futa, paka mafuta ya cherehani membamba, futa tena ibaki tandotando. Mafuta ya kupikia hunata. Wajapani hutia karafuu kwenye yao, nami hutia tone, harufu nzuri. Usirudishe upanga wenye unyevu alani. Mbao za ala hunywa maji na kutu huanzia humo usipopaona.

Cha kukata, nunua majamvi ya miyaa yaliyochakaa. Yakung'ute mpaka mchanga uishe, maana mchanga ndio unaokula makali. Kunja jamvi kwa nguvu, lifunge kwa mipira ya baiskeli, liloweke tangu magharibi hadi kesho yake, kisha lichomeke kwenye kigingi. Anza na mgomba kama unao, ni laini, lakini utomvu wake ufute papo hapo. Makumbi na boriti za mikoko usiguse. Na iaito yako usiikatie chochote, ile si chuma cha pua.

Kijana wa Langoni
Shikamoo ami, na ahsante sana dada. Nimeona 1060 isiyo na wimbi, 22,000 kutoka Longquan, Uchina. Niagize?

Bint Mhunzi, Malindi
Subiri picha ya msuka kwanza. Na hiyo 22,000 bado haina usafirishaji, ushuru, wala VAT ya asilimia 16, kwa hiyo piga hesabu upya. Kabla ya kulipa nenda kituo cha polisi uulize kuhusu kuingiza na kuweka upanga nyumbani, umchukue na mwalimu wako akueleze. Barabara ya Lamu ina vizuizi, na kwenye basi hakuna atakayetaka kusikia habari za iaido.