Pete ya askofu: ni lazima iwe ya dhahabu?

Wakuu, kila picha ya askofu inaposambaa, swali ni lilelile: dhahabu ya kidoleni ya nini wakati waumini wana njaa? Naomba tulijadili, maana wengi tunaiona pete kama pambo, na asili yake si hiyo.

Mwaka 633, Mtaguso (yaani mkutano mkuu wa maaskofu) wa Nne wa Toledo kule Hispania, ukiongozwa na Askofu Isidore wa Sevilla, uliamua kwamba askofu aliyevuliwa cheo kwa kuonewa, akibainika hana hatia, arudishiwe mbele ya altare stola (kitambaa kirefu cha kuvaa shingoni), pete na fimbo. Padri alirudishiwa stola na kasula, vazi la juu la misa. Pete haikuwa yake. Isidore mwenyewe aliandika kuwa pete ni alama ya heshima ya askofu na muhuri wa siri. Muhuri, jamani!

Ndiyo maana mapapa na wafalme wa Ujerumani waliigombania miaka karibu 50. Mfalme akimkabidhi askofu pete na fimbo, maana yake kanisa hilo amempa yeye. Mwaka 1122, kwa Mkataba wa Worms, Mfalme Henry V akaviachia vyote viwili, akabaki na haki ya kukabidhi fimbo ya enzi tu, kwa mambo ya kidunia.

Msimamo wangu: pete ibaki, dhahabu iondoke.

*Mchangiaji:* Mkuu, hapo sipo nawe. Mtakatifu Cuthbert, askofu wa Lindisfarne kule Uingereza aliyefariki 687, aliishi kama mkaa pweke, yaani mtawa aliyejitenga na watu. Jeneza lake lilipofunguliwa Durham mwaka 1827, ndani ya mavazi yake kulikutwa msalaba wa kifuani wa dhahabu na vito vyekundu. Dhahabu ilimheshimu Mungu, haikumharibu mtu.

*Mtoa mada:* Ndugu yangu, msalaba ule naupenda sana, hasa kwa kuwa ulishavunjika ukaungwa. Hawakukimbilia kutengeneza mpya. Lakini mkumbuke na Ambrose, askofu wa Milano. Aliyeyusha vyombo vitakatifu akomboe mateka, na alipolaumiwa akajibu kwamba Kanisa lina dhahabu ili liitoe, si ili liiweke. Na tarehe 16 Novemba 1965, maaskofu wapatao 40 walikutana katika Katakombu ya Domitilla, makaburi ya kale ya chini ya ardhi kule Roma, wakaahidi kutovaa tena alama za cheo za madini ya thamani. Uaskofu wao ulipungukiwa nini?