MREJESHO: Nimeachana na kupima muvi kwa kumi

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza nipime muvi kwa kumi, kwa nyota tano au kwa dole tu. Kumi nimeitupa. Daftari lilijaa saba tupu, hata niliyoisinzilia ina saba!

Aliyenitajia Roger Ebert, yule mhakiki wa filamu wa Chicago, na nyota zake nne, asante. Nusu nyota zake ndizo nimezikataa. Moja hadi nne, hakuna katikati pa kujificha. Nyota nne naamuliwa na chai: ikipoa mkononi bila mimi kujua, basi muvi imepata nne. Na kwa baridi ya Juni hapa Uyole, Mbeya, chai haisahauliki hivi hivi.

Zilizotafsiriwa na DJ, yule anayesimulia muvi kwa Kiswahili, naandika "DJ" pembeni, maana kuna nyota ni za mtafsiri, si za muvi.