Siku ya kwanza kwa mshauri nasaha: ulitegemea nini, ukakuta nini? Tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Naanza na yangu ili msione aibu.

Mwaka jana duka langu la vipuri lilikufa, nikakaa kama miezi mitatu sina usingizi. Saa tisa usiku macho makavu, nahesabu madeni. Mke wangu akajua nina mchepuko maana simu nilikuwa naificha, kumbe nawakimbia wale wa mikopo ya kausha damu. Rafiki yangu mmoja nesi akanielekeza kwa mshauri. Nikaenda na daftari na kalamu kabisa, kama mtu wa semina. Saa nzima yule mama hakunishauri kitu! Anauliza tu: "Ukiwa macho saa tisa, huwa unajiambia nini?" Nikatoka nimenuna, elfu thelathini yangu imeenda kwa kuhojiwa, daftari jeupe. Usiku ule nikalala mpaka adhana ya alfajiri. Nahisi ni kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kuitaja jumla ya lile deni kwa mdomo wangu.

Ninyi je? Wa "mleta mada apelekwe Mirembe" nimeshawaona, piteni tu.

#2
Elfu thelathini mkuu? Mimi kinyozi wangu ananisikiliza kwa elfu tatu na kichwa nanyolewa.

#3
Kijijini kwetu ushauri nasaha maana yake ni kupima ukimwi, hakuna nyingine. Nilipomwambia baba kwenye simu kwamba nimeanza kwenda ushauri nasaha, akanyamaza, halafu nikasikia anamwita mama. Ilinichukua nusu saa kuwatuliza.

#4
Mimi ilikuwa baada ya kujifungua mtoto wa pili. Mtoto analia, mimi namtazama kama wa jirani. Mama mkwe anasema uvivu, mama yangu anasema nimefanyiwa. Siku ya kliniki muuguzi akamaliza kumpima mtoto, akaniuliza, "Na wewe mama, unaendeleaje?" Nikalia pale pale mbele ya foleni.

Akanipa karatasi ya maswali 9. Kila swali linahusu wiki 2 zilizopita: usingizi, hamu ya kula, kujiona hufai, na lile la mwisho kuhusu kutamani kufa, ambalo nililijibu nikiwa nimefunika karatasi kwa mkono. Unajipa 0 hadi 3. Nikapata 19 kati ya 27, na hesabu shuleni sikuwahi kukaribia hapo. Daktari akasema ni sonona, yaani depression, akaniandikia dawa na kunionya kwamba si kama panadol, inaweza kuchukua wiki 2 hadi 4 ndipo uone tofauti, na nisiiache bila kumwambia. Wiki ya kwanza nilichopata ni mdomo kukauka tu. Nilikaribia kuzitupa chooni. Karibu wiki ya tatu nilijikuta namwimbia mtoto huku namwogesha, nikashtuka mwenyewe.

#5
Mimi wa kwangu alikuwa mzee wa kanisa. Jumatano nimemmwagia habari za ndoa yangu, Jumapili nakaa kwenye benchi nasikia mahubiri, ndoa yangu hiyo hapo, kasoro jina. Mke wangu akanikanyaga mguu. Kabla hujafungua mdomo, muulize kwanza siri yako itakaa wapi.

#6
Mimi niko Unguja. Huku kwetu ukionekana Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya magonjwa ya akili, kufika jioni mtaa mzima umeshakupa jina. Basi mimi nilikuwa nakwenda na nikabu, na wallahi sivai nikabu maisha yangu. Siku hiyo nimekaa nangoja zamu, pembeni yangu kuna mwanamke mwengine naye kajifunika gubigubi, macho tu. Tumekaa kimya sana. Mara akakohoa. Kikohozi kile nakijua, nakisikia kila Ijumaa nyumbani kwa mama mkwe! Nikageuka ukutani. Yeye ndiye aliyeanza: "Hujambo wifi?"

Mleta mada
Hahaha! Sasa mkafanyaje dada yangu?

#6
Tulingojana. Tukarudi kwa daladala moja, nauli kalipa yeye.