Naomba ushauri: tumepata ruzuku ya mabasi mapya ya shule, nitapimaje kama imewasaidia watoto?

BintiWaPangani aliandika:

Salaam wakuu, poleni na majukumu.

Nipo kusini mwa Minnesota, Marekani, nafanya kazi ofisi ya usafiri ya wilaya moja ndogo ya shule. Mnaukumbuka ule mpango wa mabasi safi ya shule uliotengewa dola bilioni 5 kwa miaka mitano na sheria ya miundombinu ya 2021. Unasimamiwa na EPA, shirika la serikali la kulinda mazingira. Sisi tulipata mabasi manne ya umeme, yakachukua nafasi ya manne ya dizeli: mawili ya 2004, mawili ya 2008.

Fomu za EPA nimeshamaliza. Wanataka uthibitisho kwamba mabasi mapya yamefika na ya zamani yameuawa kweli, yaani injini imetobolewa tundu la inchi tatu na chasisi imekatwa pande zote mbili. Picha nilipiga mwenyewe.

Shida yangu ni bodi ya shule. Wanataka ukurasa mmoja unaosema ruzuku imeleta nini, na bosi wangu ananiambia niandike kwamba mahudhurio yamepanda tangu mabasi yaje. Ni kweli yamepanda. Lakini moyo unakataa. Mwaka wa masomo 2021/22, baada ya korona, karibu 28% ya wanafunzi wa nchi nzima walikosa shule kupita kiasi, na tangu hapo hali inatengemaa kila mahali, hata kwa wenye mabasi makuukuu. Nikisema ni mabasi yetu, nitakuwa nawadanganya wazazi.

Tena jambo hili linanigusa. Kuna mtoto wa darasa la pili aliyekuwa akipanda lile basi la 2004 na dawa yake ya pumu ya kuvuta mkononi, kabla hata hajakaa. Nataka kujua kama amepona adha ile, yeye na wenzake, na niweze kulisema bila kupamba. Nianzie wapi?

Fundi_Masizi alijibu:

Dada, hongera kwa kukataa kuandika usichokijua.

Mimi ni fundi wa dizeli mwaka wa kumi na sita sasa, huku Washington. Jambo la kwanza: usiyaweke hayo mabasi manne kapu moja. Kuanzia injini za 2007, kiwango cha masizi kinachoruhusiwa Marekani kilishushwa kwa 90%, ndiyo maana yale ya 2008 yana chujio la masizi kwenye ekzosi. Ya 2004 hayana. Ukijumlisha, faida kubwa ya yale mawili inamezwa na faida ndogo ya haya mengine, halafu unapata wastani usioeleza chochote.

La pili, watu wanadhani moshi unaomfikia mtoto unatoka nyuma tu. Injini kuukuu inapumua pia kupitia bomba lililo chini ya boneti, na ile pumzi inaingia ndani kila mlango wa mbele unapofunguliwa kituoni. Chukua kitambaa cheupe, futa dari juu ya kiti cha kwanza cha basi la zamani. Utaona mwenyewe. Kwa hiyo idadi ya vituo na muda ambao mtoto anakaa humo ni vitu vya kupima.

Vitabu vya safari vya yale mabasi yaliyokatwa mnavyo bado? Maili kwa mwaka, galoni za dizeli, saa za kuunguruma yakiwa yamesimama? Vikitupwa, hakuna cha kulinganisha tena. EPA wana kikokotoo chao mtandaoni: unaingiza mwaka wa injini, mafuta, maili na hizo saa, kinakupa uzito wa masizi na gesi ulioepukwa. Ni makadirio, lakini yana msingi.

Mtathmini_Dom alijibu:

Habari ya huko dada. Nipo Dodoma, kazi yangu ni ufuatiliaji na tathmini, na kosa la bosi wako nalikuta kwenye miradi ya maji, ya madawati, ya vyandarua. Watu wanahesabu walichogawa na kukiita matokeo. Mabasi manne ni mlichonunua. Matokeo ni kilichobadilika kwa mtoto ambacho kisingebadilika bila basi.

Bahati nzuri suala lako lina utafiti wa kuegemea. Kati ya 2012 na 2017 EPA walikuwa na mpango mdogo zaidi, kama dola milioni 39, na waombaji walipozidi fedha, walipiga bahati nasibu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, akina Meredith Pedde na Sara Adar, wakaona hapo pana mizani ya haki: wilaya zilizoshinda na zilizokosa zote ziliomba, tofauti yao ni bahati tu. Mafua, uchumi, vyote vinawapata sawasawa. Walichapisha mwaka 2023. Mahudhurio yalipanda zaidi kwa walioshinda, na zaidi tena pale mabasi yaliyotolewa yalipokuwa ya zamani sana au yalipobeba watoto wengi. Fundi kasema kweli tupu.

Sasa sikiliza vizuri. Ongezeko lenyewe kwa wastani wa wilaya lilikuwa sehemu ndogo ya asilimia moja. Kwa nchi nzima ni kubwa: walikadiria kwamba kuondoa mabasi yote ya kabla ya 2000 kungeleta zaidi ya siku milioni 1.3 za mahudhurio kila mwaka. Ila kwa wilaya moja yenye mabasi manne, badiliko dogo hivyo halionekani kwa macho. Homa ya wiki moja inalifunika. Kwa hiyo ukiona mahudhurio yenu yamepanda asilimia mbili tatu, hiyo peke yake inakuambia sababu iko kwingine.

Ninachokushauri: linganisha watoto wa njia zile nne na wanaotembea kwa miguu au kuletwa na wazazi, shule zilezile, miezi ileile, kabla na baada. Tumia jumla, usitoe majina. Na uandike wazi kwamba idadi ni ndogo.

Alfajiri614 alijibu:

Naendesha basi la shule hapa Columbus, Ohio. Nawaongezea kitu ambacho ofisini hakionekani.

Usihesabu tangu siku basi lilipofika yadi. Hesabu tangu siku lilipobeba watoto. Kwetu mabasi ya umeme yalikaa miezi kadhaa yakisubiri umeme wa kuchajia, na muda wote huo tulikuwa na yale yale ya moshi. Mwenye kusoma karatasi angesema watoto walishahama.

Na uliza lilipangiwa njia gani. Kuna gereji zinalipangia basi jipya njia fupi ya mjini kwa kuogopa chaji kuisha kwenye baridi, halafu watoto wa mashambani wanaokaa saa nzima garini wanaachiwa kuukuu. Halafu huko kwenu Minnesota angalia kipasha joto. Baadhi ya mabasi ya umeme yana kipasha joto cha dizeli. Nacho kina moshi, kiingie kwenye hesabu.

MamaWawili alijibu:

Mimi si mtaalamu, ni mzazi, mwanangu ana pumu. Mdogo wangu, mtoto mwenye pumu hakosi shule kila anapobanwa. Anakwenda, anabanwa huko huko, anaishia chumba cha nesi. Kitabu cha mahudhurio kinasema alikuwepo. Muulize nesi ni mara ngapi kwa mwezi watoto wa mabasi yale walifika kwake asubuhi.

Mtathmini_Dom alijibu:

Mama umenena. Kule Seattle na vitongoji vyake waliwafuatilia watoto 275 mabasi yao yalipofungwa vifaa vya kupunguza moshi, na nafuu ya kutokosa shule ilionekana zaidi kwa wenye pumu. Anzia hapo.

BintiWaPangani alijibu:

Ndugu zangu, asanteni sana, Mungu awalipe.

Vitabu nimevipata, vilikuwa kwenye boksi karibu na mlango wa kutolea taka, nimevihamishia kabatini kwangu. Basi moja la 2004 lilikuwa linaunguruma dakika 25 kila asubuhi mbele ya shule ya msingi. Mtu kaandika kwa kalamu ya risasi, kila siku, miaka mitatu.

Dereva, nimeuliza. Mabasi mawili mapya yako njia za mjini, kama ulivyosema. Kesho naomba moja lihamie njia ya mashambani, hata kabla ya ripoti, kwa sababu yule mtoto wa darasa la pili anakaa huko, na siku hizi anapanda lile la 2011.

Nesi amekubali kunipa hesabu za mwezi kwa mwezi bila majina. Kwenye ukurasa wa bodi sitaandika mahudhurio mwaka huu. Nitaandika masizi yaliyoepukwa, 2004 peke yake na 2008 peke yake, siku ambazo kila basi lilibeba watoto kweli, na njia gani. Bosi bado sijamwambia. Namwona Jumatatu.