Ukuta wa kuzuia udongo bustanini unalia maji, nifanyeje?

Mama Kizito: Habari za huku jamani, niko Muyenga, Kampala, kwenye mteremko, ukuta wangu wa mawe una kimo cha mita moja na nusu hivi, tangu mvua za Machi zianze maji yanachuruzika kwenye viungo, chini kumeota ukungu na chumvi nyeupe. Fundi anasema nipige plasta ya kuzuia maji upande wa mbele. Ni kweli?

fundi_wa_kilima: Hapana mama, usizibe! Maji yakikosa pa kutokea yanajaa nyuma na kuusukuma ukuta, na huo udongo mwekundu wetu unashika maji kweli. Toboa matundu chini karibu na usawa wa ardhi, paipu za PVC za inchi 2 au 3, kila baada ya mita moja na nusu hivi, ziiname kidogo kuja mbele.

Mama Kizito: Asante ssebo (bwana). Na udongo hautatoka na maji?

fundi_wa_kilima: Utatoka kama nyuma hakuna kokoto. Ukiweza chimbua nyuma vipande vipande, sio wote kwa mpigo utaanguka, weka kokoto safi sentimita 30, kati ya kokoto na udongo kitambaa cha kuchuja.

Okello_G: Maji ya bati yanaishia wapi? Kwa jirani yangu gata (mfereji wa paa) ilimwaga palepale juu ya ukuta. Na ukiona ukuta umetoa tumbo, ita injinia kwanza, usichimbe.