Nyumba ina hati, wateja wapo, lakini mauzo yanavunjika kila mara. Tatizo huwa wapi?

mbezi_juu
Wakuu, salaam. Nyumba ipo Mbezi, vyumba vitatu, kiwanja kimepimwa, hati ipo, bei milioni 180. Mteja anakuja, anaipenda, mnakubaliana, wiki tatu baadaye biashara imeota mbawa. Hati bado ina jina la marehemu mzee, ila msimamizi wa mirathi ameshateuliwa na mahakama. Mteja wa sasa anategemea mkopo wa benki. Kipi kimalizwe mapema ili naye asiyeyuke? Na kishika uchumba (malipo ya awali) alichotoa, milioni 5, akighairi kinakuwaje?

karani_wa_hati
Mkuu, umejijibu mwenyewe hapo kwenye jina la marehemu. Uteuzi wa mahakama peke yake haubadilishi chochote kwenye daftari la Msajili wa Hati. Msimamizi anatakiwa kuomba asajiliwe kwanza kama mwakilishi wa marehemu, kifungu cha 67 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334. Anapeleka hati halisi, uteuzi wa mahakama na cheti cha kifo. Jina lake likishaingia, ndipo anaweza kusaini uhamisho kwa mnunuzi. Mteja akifanya upekuzi, yaani kukagua daftari hilo, leo anakuta mmiliki ni mtu aliyefariki. Wakili wake atamwambia asitoe hela, na benki haitaligusa faili. Wiki tatu zako zinaishia hapo.

Sambamba na hilo, andaa muhtasari wa kikao cha familia wenye saini za warithi wote, na nakala za vitambulisho vyao. Saini ya "kwa niaba ya ndugu zangu" haisaidii. Mrithi mmoja aliyenuna anaweza kwenda kwa Msajili kuweka zuio la kupinga uhamisho, na zuio likionekana kwenye upekuzi mteja anakimbia hata kama halina msingi. Kama yupo mjane anayeishi humo, ridhaa yake iwe ya maandishi. Wauzaji wengine mliopo humu msijisahau: kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinazuia kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenza, hata hati ikiwa na jina la mmoja tu.

Halafu lipa kodi ya pango la ardhi, ile ya kiwanja inayolipwa serikalini kila mwaka, malimbikizo yote. Watu huleta risiti za LUKU wakidhani wamemaliza. Ile inayokatwa kwenye umeme ni kodi ya majengo. Ni kitu kingine kabisa.

bikoni_nne
Mwite mpima aliyesajiliwa atafute bikoni (alama za mipaka ya kiwanja) kabla mteja hajamleta wa kwake. Linganisha ukuta na ramani iliyo kwenye hati. Ukuta ukiwa umetoka nje mita mbili, sema mapema na utenge kipande hicho kwenye bei. Kama uko karibu na barabara kuu au ya mkoa, pima kutoka katikati ya barabara: hifadhi ya barabara, eneo lisiloruhusiwa kujengwa, ni mita 30 kila upande kwa Sheria ya Barabara ya 2007, na Barabara ya Morogoro ina eneo pana zaidi ya hapo. Baada ya bomoabomoa ya 2017 kati ya Kimara na Kiluvya, mnunuzi wa upande huo lazima aulize. Kama kuna mto au bonde, hifadhi ni mita 60 kutoka ukingoni.

mthamini_mtaani
Kwenye mkopo, kinachoua ni hesabu. Benki haikopeshi kwa bei mliyopatana ninyi. Inachukua bei ya mkataba au thamani ya mthamini, ile iliyo ndogo, halafu inatoa asilimia fulani. Tuseme thamani imekuja milioni 150 na benki inatoa asilimia 80. Hiyo ni milioni 120. Mteja wako anatakiwa awe na milioni 60 mfukoni, bado ushuru wa stempu wa asilimia 1 na gharama za wakili. Yeye alikuwa amejipanga kwa milioni 36. Hakuambii, anaacha tu kupokea simu.

Kwa hiyo fanya uthamini wako kabla ya kutangaza bei. Na muulize mteja mapema kama ana barua ya benki ya kukubali mkopo kimsingi. Asiyekuwa nayo bado anatafuta, usimwondolee wengine.

mbezi_juu
Asante sana. Dalali anashauri mkataba uandikwe milioni 120 ili kodi ipungue, zilizobaki zilipwe pembeni. Hii vipi?

mthamini_mtaani
Hapo umeua mkopo mwenyewe. Asilimia 80 ya 120 ni milioni 96. Na Mamlaka ya Mapato (TRA) wana ripoti ya uthamini iliyoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, hawaangalii mkataba peke yake. Hapo sijagusa kosa la kisheria lenyewe.

Kodi ya ongezeko la mtaji ni asilimia 10 ya faida kwa mkazi, na ni ya muuzaji. Uhamisho hausajiliwi bila uthibitisho wa TRA. Nyumba ya urithi ina mgogoro wake kwenye kukokotoa gharama zinazotolewa ili kupata faida, kwa hiyo nenda ukafanyiwe hesabu kabla ya kukubali bei ya mwisho. Kusanya risiti za ujenzi na ukarabati zilizopo.

wakili_wa_kona
Kuhusu milioni 5: mliandika nini? Kifungu cha 64 cha Sheria ya Ardhi kinataka mkataba wa mauzo uwe wa maandishi. Kama ilipokelewa kwa mkono na dalali akiwa shahidi, mna ugomvi, hamna mkataba. Hata mkiandika kwamba "haitarudi", mahakama inaweza kutoa fidia ya kiasi tu chini ya kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba.

Weka haya: fedha zikae akaunti ya wateja ya wakili, siku 90 za kukamilisha, zirudi zote iwapo upekuzi utaonyesha kasoro ya muuzaji, na kiasi kitakachokatwa mnunuzi akighairi bila sababu. Taja pia mkopo: ukikataliwa, mteja alete barua ya benki ndani ya siku 7. Usikabidhi hati halisi kabla wakili wako hajapokea barua ya benki ya ahadi ya malipo.

Na huyo dalali, jua anataja bei gani huko nje. Ukisema 180 naye akaweka cha juu (nyongeza yake ya siri) cha 15, mteja akija kukuta 180 kwenye mkataba ataona mmepanga kumwibia. Mpe kamisheni ya maandishi, ilipwe siku ya kukamilisha, na mnunuzi aione.